Yaya Aliyekuwa Sifuri Yangu

Kwenye kabati la chumba changu cha kazi kuna chupa ndogo kumi na kitu, zote zimeandikwa neno moja kwa mkono wangu: Sifuri. Sasa ni tupu, nimeziosha, ila sijathubutu kuzitupa. Zilikuwa na mkojo wa dada yangu mkubwa, Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Jambo hili nimekwisha kulisimulia kwa watu wengine mara mbili, na mara zote mbili nilijipendelea. Safari hii nitajaribu kulisema lilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Bukavu. Niliporudi kutoka masomoni Ulaya, nilibeba ndani ya sanduku la nguo kioo cha pembe tatu, taa ndogo ya leza, na boksi la vioo vyembamba vilivyopakwa dhahabu upande mmoja. Dhahabu yenyewe ni nyembamba hivi kwamba ukiinua kioo kuelekea dirishani unaona ziwa kupitia ndani yake, limekuwa la kijani. Forodhani waliniuliza ni nini, nikasema ni vioo vya kazi. Wangesikia neno dhahabu, ningekuwa bado niko pale.

Mashine niliyoitengeneza kwa vitu hivyo si ngumu kuielewa. Unapiga mwanga ndani ya kile kioo cha pembe tatu, unagonga dhahabu kwa nyuma, unarudi. Ukizungusha pole pole, unafika kwenye pembe moja ambapo mwanga haurudi tena, dhahabu imeumeza. Kitu chochote kikishika upande wa pili wa dhahabu, hata kiwe kidogo cha kutoonekana kwa hadubini, ile pembe inahama. Unasoma imehama kiasi gani, unajua kimeshika kiasi gani. Siku hizi wataalamu wanaongeza vitu juu ya dhahabu ili pembe ihame zaidi: utando wa kaboni wenye unene wa chembe moja, vijiti vidogo vya fedha, au punje za dhahabu ndogo hadi zinapoteza rangi ya dhahabu na kuwa nyekundu. Mimi nilichagua punje nyekundu, kwa sababu hizo ningeweza kuzipika mwenyewe hapahapa, umeme ukikubali.

Nilitaka kupima zebaki. Kamituga, kwenye machimbo, watu wanachanganya zebaki na mchanga uliosagwa, zebaki inakamata dhahabu, kisha wanaichoma kwenye moto mpaka zebaki yote iondoke na moshi na dhahabu ibaki. Moshi ule unaingia kwa anayechoma na kwa kila aliye karibu. Unakaa mwilini kimya kimya, halafu mikono inaanza kutetemeka. Zebaki na dhahabu zinapendana, ndiyo siri yote ya wachimbaji. Mimi niligeuza tu: dhahabu yangu ikamate zebaki iliyo ndani ya mkojo wa mtu, na mashine imwambie mapema, kabla mikono haijaanza. Nilivimba kichwa kwa wazo hilo. Nilikuwa nalieleza hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Na nilikuwa nasema kila mara kwamba wazo limetoka kwa Yaya.

Yaya ni mzaliwa wa kwanza, mimi ni kitinda mimba. Baba yetu alipofariki, yeye aliacha shule akapanda Kamituga kununua dhahabu kwa wachimbaji, ili mimi niendelee na masomo. Alichoma kule miaka mingi. Mimi wakati huo nilikuwa najifunza majina ya Kilatini ya madini aliyokuwa akiyavuta puani. Baadaye alirudi mjini, akajenga nyumba mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko, akaanza kuuza vitenge. Alisema mambo ya kuchoma ameacha. Niliamini, maana ilinifaa kuamini.

Ili nipike zile punje nyekundu nilihitaji dhahabu yenyewe. Nilimwendea Yaya Jumamosi moja, nikamkuta anachambua sombe, majani ya muhogo.

“Yaya, nataka dhahabu. Kidogo tu. Ila iwe safi kabisa, isibaki hata alama ya mercure. Ikibaki, kazi yangu yote imeharibika.”

Mercure ndilo jina la zebaki kwetu. Hakuinua kichwa.

“Safi namna gani?”

“Safi kuliko ile ya sokoni.”

“Bon. Utapata. Sitaki mudogo wangu aone haya mbele ya ba-professeur.”

Sikumuuliza ataisafishaje. Nilijiambia ataipata kwa wanunuzi wakubwa wa mjini, wenye vifaa vyao. Nina shahada tatu, na moja kati ya hizo inahusu jinsi zebaki inavyoachana na dhahabu, lakini siku ile nilikula sombe, nikashukuru, nikateremka.

Alianza kuniletea. Ilikuwa inakuja ndani ya karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Nilikuwa naiyeyusha kwa asidi mpaka iwe maji ya manjano, kisha naichemsha na chumvi ya ndimu. Rangi inapotea kwanza, inakuja nyeusi kidogo, halafu ghafla inageuka nyekundu kama divai ya misa. Mara ya kwanza nilimwita Yaya aje aone. Alisimama mbele ya ile chupa, akafanya ishara ya msalaba, akacheka.

“Ile zahabu yangu njo hii?”

“Njo yenyewe.”

“Kumbe ulisoma kweli.”

Sasa nije kwenye sifuri. Kipimo chochote kinahitaji mahali pa kuanzia, mkojo wa mtu asiye na zebaki, ili wengine walinganishwe naye. Kwetu mtu hampi mtu mkojo wake hivi hivi. Nywele, kucha, mkojo, hivyo unampa mganga wa hospitali, au ndugu wa tumbo moja, basi. Ukimpa mwingine, nani anajua atakufanyia nini. Walimu wenzangu, watu wa vitabu, niliwaomba mmoja mmoja, na mmoja mmoja alikumbuka ana mkutano. Mkubwa wa idara yetu alicheka mpaka akavua miwani, halafu na yeye akakataa. Mkojo wangu mwenyewe sikutaka kuutumia. Nilifundishwa kwamba mpimaji hajipimi, tena nilikuwa nashinda kwenye asidi kutwa.

Akabaki Yaya. Anakaa mjini, nilijiambia, anauza vitenge, ameacha moto siku nyingi. Nilimchagua jinsi mtu anavyochukua sufuria iliyo karibu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alipita chuoni na kikapu. Juu kulikuwa na mboga ya lengalenga, chini ya lengalenga kuna kitenge, na ndani ya kitenge kichupa cha dawa ya kikohozi alichokichemsha mwenyewe.

“Chukua mambo yako,” alisema akitazama ukutani. “Na usiweke ku mesa kwenye unakulaka.”

Siku hiyohiyo nilipitisha maji safi kwenye mashine, pembe ikatulia. Nikapitisha mkojo wa Yaya, nikiwa nimeusafisha kwa dawa kama inavyotakiwa. Pembe ilihama. Haikuhama kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angesimama hapo, angeuliza. Mimi nilisema ni chumvi. Nilirudia siku ya pili, ikahama vilevile, nikasema ni protini. Nilikuwa na haraka, boksi la vioo lilikuwa linakwisha, na mkubwa wa idara alikuwa ameshaalika wageni waje waone mashine ya kwanza ya namna hiyo mjini. Basi nikachukua pale pembe ilipofika kwa mkojo wa Yaya, nikapaita mwanzo. Nikaandika kwenye kichupa: Sifuri, na kila Jumatatu akawa ananiletea kingine.

Watu wa Kamituga walitoa mikojo yao kwa sababu ya Yaya huyohuyo. Mimi wasingenipa. Yeye aliwapigia simu wanawake aliokuwa akinunua nao dhahabu zamani, akawaambia ni kwa ajili ya mudogo wake, wa tumbo moja. Chupa zikateremka kwa gari la mizigo, zimefungwa kwenye majani ya ndizi. Nilizipima zote. Wachomaji wakatoka juu ya Yaya kwa kiasi kidogo tu, wengine wakalingana naye. Niliona ajabu, halafu nikaona raha. Watu walikuwa wazima kuliko nilivyoogopa. Mbele ya wageni nilionyesha mstari wangu uliolala vizuri, nikasema hatari ipo ila ni ndogo, wakapiga makofi, na mkubwa wa idara akanishika bega mbele ya watu wote.

Jioni ile Yaya alikaa kwenye kiti cha ofisi yangu, akawapigia Kamituga akiwa ameweka sauti ya juu ili nisikie. Yule wa upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito, rafiki yake wa zamani, anayechoma jikoni kwake huku ananyonyesha.

“Mudogo wangu amepima,” Yaya akamwambia. “Haiko shida kubwa. Mukae tu na amani.”

“Tunaweza kuendelea?”

Yaya alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Kile kichwa nilichoitikia nacho nakikumbuka kuliko makofi yote.

Niongeze na hili, maana ndilo linanichoma zaidi. Mikono yake nilikuwa naiona. Nilimwona akishindwa kupitisha uzi kwenye sindano, akampa jirani. Nilimwona kanisani, mshumaa wa Pasaka ukimdondokea nta kwenye vidole kwa sababu hautulii. Nikasema ni uzee, na yeye hajazeeka. Nikasema ni kahawa, na yeye anakunywa chai. Siku moja nilikuwa na wageni nyumbani kwangu, yeye akajitolea kumimina. Kikombe kiligonga sahani kama meno ya mtu mwenye homa, chai ikamwagika kwenye kitambaa nilichokitoa Ulaya. Nilimkemea mbele ya wageni. Nilisema, “Yaya, si uangalie unachofanya.” Alikwenda jikoni kuchukua kitambaa cha kupangusia, hakurudi sebuleni. Nilimkuta baadaye amekaa kwenye kigoda, ameficha mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyeharibu kitu. Nikasonya, nikaosha vikombe mwenyewe. Ndivyo hasira yangu ilivyo, inawahi kabla ya macho.

Jumatatu moja hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana malaria. Nilikuwa na kazi ya kumaliza na chupa ya Sifuri imekwisha, basi kwa kiburi na uvivu nikatumia mkojo wangu. Pembe ilirudi nyuma. Ilishuka chini ya sifuri, kitu kisichowezekana, maana huwezi kuwa na zebaki pungufu ya kutokuwa nayo. Nikabadilisha kioo. Ikashuka tena. Nikapita kila chumba nikiwa na chupa mkononi, na safari hii nilikuwa na sura ambayo wenzangu hawakuicheka, wawili walinipa. Wote wawili wakatua palepale nilipotua mimi, karibu na maji safi.

Nilikaa chini. Nikachukua daftari langu, nikaweka mwanzo mahali pake pa kweli, nikachora upya. Mstari wote wa Kamituga ukapanda. Wale niliowaambia hawana shida kubwa walikuwa nayo, na kubwa. Na Yaya alikuwa katikati yao, mmoja wa wachomaji, si wa zamani. Mwili unaitoa zebaki taratibu kwa miezi. Mtu aliyeacha miaka iliyopita mkojo wake usingesema hivi. Mtu huyu alikuwa anachoma sasa.

Nilipanda Kadutu kwa pikipiki, mchana, jua limewaka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, vitenge vimepangwa, hakuna mtu. Nikazunguka nyuma. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa na gunia limebanwa kwenye mwanya. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya babula, jiko dogo la makaa, limewaka, na juu yake kikaango kidogo cheusi nilichokijua tangu utotoni. Ndani yake kulikuwa na kidonge cha rangi ya risasi, kimeanza kugeuka manjano pembeni. Hakuwa na malaria. Alikuwa amejitanda kitenge puani, basi, hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake.

“Funga mulango,” alisema. “Upepo utabeba.”

Sikufunga. Nilibeba babula lote kwa vitambaa nikalitupa nje uani, nikavunja kucha nikifungua dirisha. Nilikuwa napiga kelele, sijui nasema nini. Yaya alisimama katikati ya jiko akinishangaa.

“Juu ya nini unaniletea makelele? Hii njo yako.”

“Yangu ya nini?”

“Ya mashine. Ulisema unataka ya safi kuliko ya soko. Ya soko inabakiaka na mercure, banachoma haraka haraka. Mimi ninachoma mara mbili, mara tatu, mpaka inakwisha. Na ninafunga dirisha juu jirani basisikie harufu, bataenda kusema kama nilirudilia kuchoma.”

“Tangu lini?”

“Tangu uliomba.”

Nilikaa juu ya gunia la makaa na suruali yangu ya kazini. Alikuwa ameacha kweli. Miaka yote ile alisema ameacha na alikuwa ameacha, mikono yake ilikuwa imetulia, mpaka nilipokuja siku ya sombe na shahada zangu kuomba kitu safi. Kisha nikachukua mkojo wake huohuo kuwa kipimo cha usafi. Niliiona zebaki niliyomtia mwenyewe, ikahamisha pembe mbele ya macho yangu, nikaiita chumvi.

Nilimwambia yote. Sikumaliza kwa mpangilio, nililia katikati. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika mwingine ili utulie. Hakuuliza kuhusu mikono yake. Aliuliza jambo moja.

“Na bale ba Kamituga? Mimi njo niliwaambia baendelee.”

“Nitawapigia.”

“Hawakujui. Mimi njo nitapiga.”

Alitoa simu yake kwenye pindo la kitenge, palepale alipokuwa akifunga dhahabu yangu. Kidole kilikuwa hakikai kwenye namba. Alijaribu, akakosea, akajaribu, kisha akanipa nimbonyezee, bila kunitazama. Nikabonyeza, nikaweka sauti ya juu, nikaishika katikati yetu. Ile sauti nzito ya Kamituga ikaitika, nyuma yake mtoto analia.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nayo mdomoni: nilikosea, mimi mwalimu, niliona na nikapita. Yaya akawahi.

“Sikia, mama. Musichome tena ndani ya nyumba. Kile kipimo kiliharibika. Mashine ya mudogo wangu iko muzuri, haina kosa. Ni mimi nilimupa mukojo mubaya. Nilimudanganya, nilikuwa nachoma na sikumuambia. Kosa iko yangu.”

Kisha yule mwanamke akasema, taratibu, “Aa, yaya. Na sisi tulikuamini.”

“Munisamehe,” Yaya akasema.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mdomo wangu haukuwa mbali nayo hata shubiri moja. Nilifikiri kuhusu wageni waliopiga makofi, na mkono wa mkubwa wa idara begani, na jina langu mlangoni. Ilikuwa ni muda wa kuvuta pumzi mara mbili, labda tatu. Yule mwanamke akaaga, akakata.

Yaya amekwenda hospitali, anatumia dawa, hagusi tena moto wa dhahabu. Mkojo wake unashuka kila mwezi, naupima mwenyewe, na siku hizi anaukabidhi bila kuuficha chini ya lengalenga. Mikono imepungua kutetemeka, haijaacha. Ripoti mpya niliiandika, na mahali pa kueleza kosa la mwanzo niliweka maneno matatu: sampuli yenye kasoro. Mkubwa wa idara hakuuliza kasoro ya nani.

Mwezi uliopita mazishi ya shangazi yetu yaliwaleta watu wa Kamituga mjini. Yule mwenye sauti nzito alikuja, mtoto mgongoni. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita docteur, akanishukuru kwa kugundua kosa. Kisha akampita Yaya aliyekuwa ameketi karibu nami kwenye mkeka, akaenda kukaa upande wa pili. Yaya aliinamisha kichwa, akaingiza mikono chini ya kitenge. Mimi nilikuwa bado nimesimama, watu wote wananiona, na nikakaa.